Bastola Nyuma ya Taulo

Suruali ya sare ya wahudumu wa wagonjwa haina mkanda. Ina kamba tu, na kamba haibebi chuma. Renita Gaddis alilijua hilo siku ileile aliponunua bastola. Aliichomeka kiunoni mbele ya kioo cha chumbani, suruali nzima ikashuka mpaka magotini, na bintiye Jalisa aliyekuwa amesimama mlangoni akacheka mpaka akakaa chini. Kicheko hicho hakikujirudia. Tangu siku ile hakuna aliyecheka tena nyumbani mle bastola ilipotajwa.

Baadaye alipata mkanda mpana wa kitambaa kinachovutika, ule wa kufungwa tumboni chini ya nguo, kama wanaofungwa wanawake waliotoka kujifungua. Ubavuni ulikuwa na mfuko wa kutia bastola. Muuzaji alimwapia kwamba baada ya siku tatu hataukumbuka hata kama anao. Mwongo mkubwa. Ilikuwa Juni, na Juni ya mji wetu wa Macon si ya kufungwa vitambaa viwili tumboni. Kufikia saa nne asubuhi jasho lilikuwa limelowesha mkanda wote, ngozi ya ubavu ikachubuka ikawa kama aliyechapwa, na chuma chenyewe kikaanza kuota madoa ya kutu ambayo Renita aliyasugua kila jioni kwa mafuta na mswaki wa zamani. Akiketi kwenye gari, kitako cha bastola kilimdunga chini ya mbavu. Akinyoosha mkono kuchukua kitu kwenye rafu ya juu dukani, shati lilipanda. Kanisani alikuwa mtu wa kukumbatia watu wote. Sasa alijifunza kukumbatia kwa bega moja la kushoto, na akina mama wa kwaya wakaanza kusema Renita amekuwa na maringo.

Kwenda kliniki nako kulikuwa na mtihani wake. Mlangoni pameandikwa silaha haziingii, kwa hiyo aliifungia chini ya kiti cha gari, akakaa kwenye foleni roho ikiwa nje, kwa sababu wezi wa mji wetu wanajua vizuri kwamba kwenye maegesho ya hospitali na makanisa ndiko watu huacha bastola zao. Alinunua kitu cha kumwondolea hofu moja, kikamletea ya pili.

Ile ya kwanza iliitwa Dorrell. Alikuwa mume wake, na wiki tatu zilikuwa zimepita tangu atoke gerezani, alikofungwa kwa kumvunja Renita taya. Mahakama ilimpa Renita karatasi inayomkataza Dorrell kufika karibu na nyumba yao kwa hatua mia mbili. Tangu hapo gari lake jeupe lilionekana mara nne, likiwa limeegeshwa hatua mia mbili na kidogo.

Alhamisi ile asubuhi Jalisa alimkagua mama yake kama kawaida, sebuleni, kabla hajatoka. Msichana alikuwa na miaka kumi na mitano na kazi hiyo aliifanya bila kutabasamu. Inua mikono. Inama. Chuchumaa kama unamvalisha mtu viatu. Geuka. Shati la Renita lilikuwa saizi mbili kubwa kuliko mwili wake, la zambarau, na ukilitazama vizuri ungeona kama jiwe dogo upande wa kulia.

"Inaonekana ukiinama," Jalisa alisema. "Isogeze nyuma."

"Nikiisogeza nyuma siifikii."

"Basi usiiname."

"Nawaogesha wazee, Jalisa. Kazi yote ni kuinama."

Mama Earline, mama yake Renita, alikuwa mezani na uji wake wa mahindi wenye siagi. Alikuwa mama wa maneno machache makali. Aliuliza kama kampuni inajua. Wote watatu walijua jibu. Kuna karatasi aliyoitia sahihi siku ya kuajiriwa: mhudumu haingii na silaha kwenye nyumba ya mgonjwa, akikutwa nayo hana kazi. Na mshahara huo, mdogo ulivyo, ndio uliolipa kodi ya nyumba na dawa za sukari za Mama Earline.

"Siku moja utaisahau mahali," Mama Earline alisema. "Wewe umenisahau hata mimi mara mbili dukani."

Renita alimbusu utosini na kutoka. Alipofika kwenye gari alitazama kona zote mbili za mtaa, kisha kiti cha nyuma, ndipo akaingia.

*

Mgonjwa wake wa Alhamisi alikuwa Bwana Hollis Battle, mzee wa miaka themanini kasoro mmoja, mwenye kifua kipana na mikono ambayo bado ilikuwa na nguvu. Miaka thelathini na moja alikuwa askari wa sherifu, mkuu wa polisi wa kaunti, katika jela ya kaunti, mmoja wa weusi wa kwanza kupewa beji pale. Sasa alikuwa na ugonjwa wa kusahau. Jina lake mwenyewe alilijua, la mkewe lilimtoka na kumrudia, na leo ni siku gani halikumhusu tena.

Kitu kimoja hakukisahau. Kila asubuhi alipapasa kiuno chake cha kulia, akakikuta kitupu, akauliza nani amechukua bastola yake. Halafu alianza kuitafuta. Alifungua makabati, akainua mito, akachungulia nyuma ya televisheni. Mkewe, Mama Vernell, hakumzuia, maana daktari alimwambia asibishane naye. Siku ugonjwa ulipotajwa kwa mara ya kwanza, mama yule alizikusanya bunduki zote za nyumba ile, saba, akazifunga kwenye blanketi na kumpa mpwa wao aondoke nazo mpaka mji mwingine. Renita aliijua habari hiyo vizuri. Alisimuliwa siku ya kwanza ya kazi, jikoni, juu ya bilauri ya chai baridi ya sukari, na Mama Vernell alimalizia kwa kusema kwamba tangu siku ile analala usingizi.

Na Renita, akiyajua yote hayo, akaendelea kuingia na yake. Nisimtetee sana. Alijiambia kwamba iko mwilini mwake, si nyumbani kwao.

Shida ilikuwa bafuni. Mzee alipokuwa anatoka kwenye beseni la kuogea alishika kiuno cha Renita kwa mikono miwili ili asimame, na mikono ile ingekitambua chuma hata gizani. Kwa hiyo kila Alhamisi, kabla ya kumwita, Renita alifunga mlango wa bafu, akauvua mkanda, akauviringisha na bastola ndani yake, akausukuma kwenye kabati la ukutani, rafu ya juu kabisa, nyuma ya taulo. Dakika arobaini baadaye alijifungia tena na kuuvaa. Alifanya hivyo wiki mbili na hakuna aliyejua.

Mzee alipenda kusimulia akiwa majini. Hadithi ilikuwa ileile, ya jela. Alisimulia dirisha dogo lililokuwa mlangoni mwa selo za wafungwa, na sajini aliyekaa nyuma yake. Askari yeyote anayeingia kwa wafungwa, awe nani, alisimama pale kwanza, akatoa risasi zote, akakabidhi bastola, ikahesabiwa na kuandikwa. Wafungwa ni wengi, bastola wakiipata ni maafa.

"Bastola haivuki dirisha," mzee alisema, huku Renita akimsugua mgongo. "Hata sherifu mwenyewe. Nilimrudisha sherifu siku moja."

"Ulimrudisha sherifu?"

"Akaona haya. Akaitoa."

Renita alikuwa anamfunga vifungo vya shati chumbani simu ilipotetemeka mfukoni. Ilikuwa Jalisa. Maneno yalikuwa machache: gari jeupe liko kona, safari hii amesogea karibu, bibi amefunga milango.

Hakukumbuka baadaye alimwambia nini Mama Vernell. Alisema bintiye anaumwa, nadhani. Alimwacha mzee na kifungo kimoja kimeruka tundu, akachukua funguo, akatoka mbio.

*

Kutoka kwa akina Battle mpaka kwake ni dakika ishirini na tano. Taa nyekundu za Barabara ya Pio Nono zilimkuta zote. Alipofika, Dorrell alikuwa ameegesha ng'ambo ya barabara, mbele kabisa ya nyumba, dirisha limeshushwa, mkono umening'inia nje. Safari hii hatua hazikufika hamsini.

Renita alishuka akasimama kwenye majani ya uwanja wake, kati ya gari lile na mlango.

"Umenenepa, Reni," Dorrell alisema. Alisema kwa upole, na upole wake ndio uliokuwa unamtisha Renita siku zote. "Nimekuja kumwona mwanangu. Au nako ni kosa?"

"Ondoka. Karatasi unayo."

"Karatasi." Alicheka kidogo. Akafungua mlango wa gari, akatoa mguu mmoja.

Hapo Renita akaingiza mkono chini ya shati, kama alivyofundishwa kwenye darasa la bastola: shati juu kwa mkono wa kushoto, wa kulia uende moja kwa moja. Mkono ukaenda. Ukakuta ngozi. Ngozi yake mwenyewe, yenye jasho na ule mchubuko, na hakuna kitu kingine.

Aliliona bafu lile, rafu ile, taulo zile za kijani, akaziona wazi kuliko alivyomwona Dorrell. Lakini mkono hakuutoa. Aliuacha palepale, vidole vimekunjwa juu ya mbavu, akamtazama mume wake machoni.

"Una nini humo?" Dorrell aliuliza.

"Njoo uone."

Alimtazama kwa muda ambao kwa Renita ulikuwa mrefu kuliko miaka yao yote ya ndoa. Kisha akaurudisha mguu ndani. Akasema, bila kupandisha sauti, kwamba yeye ana subira, amejifunza gerezani. Gari likaondoka polepole mpaka kona, likakunja.

Mama Earline alipofungua mlango alimkuta mwanawe amekaa kwenye ngazi, mkono bado uko ndani ya shati.

*

"Ulikuwa nayo lakini," Jalisa alisema. "Ameogopa. Si ulikuwa nayo?"

Renita akawaambia iko wapi. Feni ya dirishani ilikuwa inazunguka.

Alianza kupanga kwa sauti. Mama Vernell mfupi, rafu ya juu haifikii. Kesho asubuhi ataanzia huko, atasema amesahau chaja ya simu, ataingia bafuni dakika mbili na yatakuwa yamekwisha. Hakuna atakayejua. Akipiga simu sasa, atasema nini? Kwamba amewaletea bastola? Mama Vernell ataipigia kampuni kabla hajaweka simu chini, na Ijumaa hii hii Renita hana kazi.

"Nyumba ina mzee anayetafuta bastola kutwa nzima," Mama Earline alisema, "na wewe unasema kesho."

Renita akaichukua simu. Akapiga. Simu ikaita mpaka ikakata. Akapiga mara ya pili, na ya tatu. Mama Vernell ni mtu wa kupokea simu mlio wa kwanza. Huwa anaibeba kwenye mfuko wa aproni ili mwanawe wa Atlanta asikose kumpata.

"Piga polisi," Jalisa alisema.

"Niwaambie nini? Kuna mzee mweusi, akili haiko sawa, pengine ana bastola? Waje mbio na za kwao?" Renita alikwisha kusimama. "Atawafungulia mlango nayo mkononi. Hawatamuuliza kama alikuwa mwenzao."

Hakuna aliyebisha. Sote huku tumeshaisoma habari hiyo, yanabadilika majina tu. Hakuweza pia kuwaacha wawili wale peke yao na Dorrell yuko mtaani, kwa hiyo wakaingia garini wote, Mama Earline na viatu vya ndani miguuni. Njiani, kila taa nyekundu, Mama Earline alisema "Yesu" polepole.

*

Ilikuwa saa kumi na nusu. Renita aliliacha gari nyumba mbili kabla na kuwaambia wasishuke hata wakisikia nini. Alitembea peke yake mpaka kibarazani. Mlango mkubwa ulikuwa wazi, wa wavu umefungwa.

Bwana Battle alikuwa amekaa kwenye kiti cha jikoni katikati ya ukumbi, akiuelekea mlango, mgongo umenyooka. Vifungo vya shati vilikuwa bado vimepishana, kama Renita alivyoviacha. Bastola ilikuwa mkononi, juu ya paja, kidole kimenyooka kando ya mtambo wa kufyatulia kama wanavyofundishwa askari. Ule mkanda wa tumbo ulikuwa sakafuni, na taulo za kijani zimetawanyika mpaka bafuni. Siku zote alitafuta bila kupata. Leo alipata.

Kilichomtisha Renita zaidi ni uso. Haukuwa uso wa mgonjwa anayemjua. Ulikuwa wa mtu mwenye uhakika.

"Simama hapo ulipo," alisema.

Toka nyuma ya nyumba, kwenye chumba cha kufulia, sauti ya Mama Vernell ilikuwa inabembeleza kupitia mlango uliofungwa. "Hollis. Mpenzi wangu. Nifungulie."

"Wewe nani?" mzee aliuliza.

"Renita, Bwana Battle. Mimi ndiye niliyekuogesha mchana."

Alijuta palepale. Uso wa mzee ukakaza. "Sijaogeshwa na mtu tangu utoto wangu," alisema, na bastola ikainuka kutoka kwenye paja, haikumlenga Renita, bali ililenga sakafu iliyokuwa kati yao. "Mko wangapi?"

Alitaka kukimbia, na miguu ilikuwa tayari, lakini ile sauti ya nyuma ya nyumba iliita tena. Akafumba macho mara moja, akayafumbua.

"Samahani, afisa," alisema. "Nimetoka ofisi ya sherifu. Tumesikia una mfungwa."

Mzee alimpima kwa macho, toka viatuni mpaka kichwani. Sare ya zambarau ilionekana kumridhisha. "Nimemkuta ndani," alisema. "Amekaa chumbani kwangu anakunja nguo za mke wangu. Anasema yeye ndiye mke wangu."

"Amekuumiza?"

"Alilia tu."

"Umefanya vizuri kumfungia. Sasa inabidi aandikwe. Twende tukamtoe."

Mzee akasimama. Akatoa ufunguo mfukoni, akageuka, akaanza kuelekea chumba cha kufulia, bastola mkononi, hatua za mtu aliye kazini. Mama Vernell alizisikia zinakuja akanyamaza. Renita alivuta mlango wa wavu, akaingia. Alisema kwa sauti ambayo hakujua anayo, sauti ya mkubwa wa kazi.

"Afisa Battle. Unaingia nayo kwa mfungwa?"

Mzee akasimama. Akaitazama bastola kama anaiona sasa. Mabega yake yakashuka, na aibu ikamjaa usoni, aibu ya kweli ya mtu aliyekutwa na kosa ambalo maisha yake yote aliwakemea wenzake.

"Sijawahi," alisema. "Miaka yote. Sijawahi hata siku moja."

"Najua hujawahi."

"Dirisha liko wapi?"

Renita aliweka mkono juu ya kimeza kidogo chenye simu ya Mama Vernell, ambayo mzee alikuwa amemnyang'anya, na bahasha za sadaka, chini ya kioo. "Hapa."

Alikuja. Na mikono yake, ambayo mchana ilishindwa kufunga kifungo, ilifanya kazi bila kukosea. Mdomo wa bastola ukaelekezwa chini, mbali na mtu. Magazini, kile kisanduku cha risasi, ikamdondokea kiganjani. Akavuta sehemu ya juu nyuma, ile risasi iliyokuwa tayari ndani ikaruka, akaidaka. Akachungulia ndani, akaingiza kidole kidogo kuhakikisha, kisha akaiweka mezani ikiwa wazi, kitako upande wa Renita.

"Hesabu," alisema.

Alizitoa risasi zote, moja moja, juu ya bahasha. Kumi na moja.

"Kumi na moja," Renita alisema.

"Andika."

Akaandika nyuma ya bahasha ya sadaka, kwa kalamu ya kanisa, namba kubwa kama ya mtoto. Mzee alisubiri mpaka Renita akatia sahihi. Ndipo akampa ufunguo, akarudi kwenye kiti chake, akakaa, na baada ya muda mfupi tu akaanza kupapasa kiuno chake cha kulia.

*

Mama Vernell alikuwa amekaa juu ya kapu la nguo, miguu haifiki chini vizuri, taulo moja mikononi. Hakuwa na jeraha. Alimtazama Renita, akatazama nyuma yake, akauliza kwa kunong'ona iko wapi. Renita akaitoa mfukoni, tupu, akamwonyesha.

"Nilisahau moja," Mama Vernell alisema. Machozi yalianza kumtoka. "Nilidhani nimezitoa zote. Nilihesabu saba. Mungu wangu, nilimwachia moja humu ndani, ni mimi."

Hapo palikuwa na mlango wazi, na Renita aliuona. Mama mwenyewe alikuwa amemfungulia. Angenyamaza tu. Angesema pole, mama, ngoja niitoe, nitampa mpwa wako. Kazi ingebaki, kodi ingelipwa, na huyu mama angemshukuru mpaka kufa. Alisimama pale kwa muda. Sitasema ni mfupi.

"Si yake, mama," alisema. "Ni yangu. Naingia nayo kila wiki. Naificha nyuma ya taulo nikimwogesha. Leo niliisahau."

Mama Vernell aliacha kulia. Akamwangalia kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma barua ambayo anajua hataipenda.

"Unamwogopa nani?" aliuliza mwishowe.

"Mume wangu."

"Anakupiga?"

"Alinivunja taya."

Mama Vernell akatikisa kichwa, taratibu. Akashuka kwenye kapu, akajinyoosha aproni. "Miaka hamsini na mbili," alisema, "Hollis hajawahi kuniinulia hata mkono. Watu walimwogopa mtaani, mimi nilimcheka. Leo amenielekezea hicho kitu hapa," akagusa kifua, "akaniuliza mke wake nimempeleka wapi. Sikujua hofu hiyo ikoje. Sasa naijua. Umeniletea nyumbani."

Samahani ilikuwa ndogo mno, hata hivyo aliisema.

"Kesho nitawapigia kampuni," Mama Vernell alisema. "Usije tena kwangu."

"Ndiyo, mama."

"Kitoe hicho kitu. Kipeleke kwenye gari lako ukifungie, na urudi."

"Nirudi?"

"Ukae mpaka alale." Sauti ya mama ilipungua. "Sitaki kuwa naye peke yangu."

Renita alitoka. Mama Earline aliposikia mzee na mkewe ni wazima aliegemea kiti na kulia waziwazi, na Jalisa akaishika bastola kwa ncha za vidole, akaifungia kwenye buti chini ya tairi la akiba. Halafu Renita akawaambia wasubiri, akarudi.

Jikoni Mama Vernell alikuwa amepasha moto kambare wa jana na mboga. Bwana Battle aliingia mwenyewe, akanawa mikono na kuipangusa kwenye suruali, akinusa hewani, na uso ulikuwa umerudi kuwa ule laini. Alimsalimu Renita kama mgeni aliyealikwa. Akaketi kwenye kiti chake, akamtazama mkewe aliyesimama kando ya jiko na sahani mkononi, na jina likamjia bila shida.

"Vern," alisema, akipigapiga kiti kilicho karibu naye. "Mbona umesimama? Njoo ukae hapa na mimi."

Mama Vernell akamtazama Renita kwanza.